Yai la Kukomaa

Mwiko mkubwa nimeuacha kwenye msumari wa kushoto, nyuma ya mlango wa jiko. Msiuoshe kwa sabuni ya unga. Mti unanyonya, na ugali wa kesho yake utanukia kufua. Sufuria ya masikio mawili ina tundu la sindano kwenye kitako. Nimeliziba mara tatu na litatoboka tena, kwa hiyo iacheni iwe ya kuwekea maganda. Mkaa ukiletwa umelowa, mrudishieni aliyeuleta akiwa bado mlangoni, maana akishapanda baiskeli hamtamwona mpaka mwezi ujao.

Hayo ndiyo Kocha Mbaruku aliyoniomba niwaandikie, wewe Zuhura na wewe Getruda, mnaochukua jiko la klabu yetu ya mieleka baada yangu. Alisema karatasi moja inatosha. Nimeshaingia daftari la pili. Kuna jambo nililolifanya jikoni humo ambalo sijawahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu wake, na nisipoliandika nyie mtakuja kulirudia kwa nia njema kabisa, kama mimi.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kushtuka. Marehemu mume wangu alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kuingia ndani ili nisiangushe chombo. Kazi ya jiko la wanamieleka haikuniponya ugonjwa huo. Imenishtua tangu siku ya kwanza, na mwezi uliopita, nikiwa nimeshaagwa na kupewa khanga, imenishtua kuliko siku zote.

Nilikuwa nauza chakula kwa mafundi gereji wa Chang'ombe, nje ya ukuta wa godauni lililokuwa limefungwa. Sufuria yangu moja ya ugali ilikuwa inatosha mafundi kumi na mbili. Siku moja Kocha alikuja na vijana wanne, wamejaa vumbi na jasho, wakakaa kwenye benchi langu. Nilipogeuka kuongeza maji ya kunawa na kurudi, sufuria ilikuwa nyeupe. Wanne. Nilisimama na birika mkononi nikiwatazama kama mtu aliyeibiwa. Kocha aliniuliza kwa adabu kama kuna ukoko.

Wiki iliyofuata alinihamishia ndani ya godauni, ambako walikuwa wamejenga ulingo: mbao juu ya matairi ya lori, juu yake godoro jembamba, juu ya godoro turubai la buluu. Mimi mieleka nilikuwa nimeiona kwenye televisheni ya jirani tu. Asubuhi ya kwanza nikiwa nasonga ugali nikasikia kishindo kilichotikisa mafiga. Nikachungulia. Kijana mmoja alikuwa amebebwa juu ya kichwa cha mwenzake, kisha akabwagwa chini kwa mgongo. Sikufikiri. Nilipita chini ya kamba na mwiko wenye ugali wa moto, nikampiga aliyembwaga, na nikapiga magoti kwa aliyebwagwa nikiliita jina la Mungu.

Yule aliyelala alifungua jicho moja akaniambia, "Mama Rukia, usijali. Niko kazini."

Mpaka leo wakongwe wakitaka kunitania wananikumbusha hilo. Kovu la mwiko kwenye bega la yule mwingine lipo, mtaonyeshwa.

Mshtuko wa pili ulikuja nilipojua kwamba mshindi hupangwa kabla. Walikaa kwenye meza yangu ya kulia, wanakunywa uji, na huku wanakubaliana nani atadondoka, kwa mtindo upi, dakika gani. Nilihisi nimefanywa mjinga. Nilikaa siku mbili nikiwapikia bila kuwasemesha. Siku ya tatu mmoja alikuja kuniomba nimkande mgongo kwa maji ya chumvi, akavua fulana, na mgongo ulikuwa wa rangi tatu. Nikaelewa kwamba kinachopangwa ni ushindi tu. Sakafu haijawahi kukubaliana na mtu.

Kocha ndiye aliyenifundisha chakula. Yeye mwenyewe alipigana akiwa na njaa ujana wake wote, na alichojua alikijua kwa tumbo lake. Uji wa ulezi na karanga saa mbili kabla ya mazoezi. Ndizi mbivu baada tu ya mazoezi, kabla hata ya kuoga. Maji yenye chumvi kidogo na ndimu kwa mtu anayetoka jasho kama bomba. Dona na si sembe. Dagaa waliwe na vichwa vyao. Na siku ya pambano, maharage marufuku. Mtu utakayemnyanyua mbele ya watazamaji asiwe amekula maharage, wala wewe unayenyanyua usiwe umekula. Hilo nililiona mara moja Tandika, na ukumbi mzima uliliona. Yote haya yafuateni, bado ni kweli.

Lakini Kocha alikuwa na utaratibu mwingine, na huo ndio ulionipeleka pabaya. Kila Jumatatu alibandika kwenye mlango wa jiko orodha ya mapambano ya Jumapili. Juu kabisa jina la pambano la kufungia, lile ambalo watu wanalisubiri. Chini kabisa pambano la kufungulia, ambalo watu bado wanatafuta viti. Nilipakua kwa kufuata orodha. Wa juu walipata mabonge mawili ya ugali, pawa mbili za mboga, nyama na yai. Wa katikati bonge moja na nusu. Wa chini bonge moja na upawa mmoja, na mchuzi wa nyama bila nyama. Ilikuwa na mantiki yake: kijana mpya aone cha kupigania. Na kweli walipigania. Mwaka mmoja tu na mtu anapanda kutoka chini hadi juu, unamwona shingo inanenepa.

Kisha akaja Pili.

Pili alikuwa binti wa Yombo, wazazi wake watu wa Masasi, upande ule ule wa kwetu Newala. Alikuwa anatuletea barafu za kukandia majeraha. Ndoo mbili za barafu, moja kila mkono, na hakuwahi kuzitua njiani. Siku moja aliziweka chini akamwomba Kocha amjaribu. Vijana walicheka. Kocha akamwambia amnyanyue mmoja wa waliocheka, na Pili akauliza, "Yupi?" Alimchagua mnene kuliko wote, akamweka begani kama gunia la mpunga, akazunguka naye ulingo mzima, akamtua taratibu. Mie nilipiga yowe. Kocha alikwenda kumwandikia jina.

Jumapili yake ya kwanza, kwenye uwanja karibu na soko, wanaume walimzomea akakae akapike. Nami niliyekuwa nimekaa pembeni na vyombo vyangu nilishtuka kwa jinsi maneno yale yalivyoniuma, wakati nilikuwa nafikiri mimi pia nawaza hivyo. Pili alimbwaga mpinzani wake, kijana wa kilo kama zake, na uwanja ukanyamaza. Halafu akina mama wauza nyanya wakasimama juu ya matenga wakapiga vigelegele. Jumapili iliyofuata walikuja wengi zaidi, na mabinti wao. Ndani ya mwaka tulikuwa na wasichana wanne, na watu walianza kuwahi ili wasikose pambano la kwanza. Vijana wa pambano la kufungia wakawa wanapigana huku watu wanaondoka.

Pamoja na yote hayo, jina la Pili lilibaki chini ya orodha. Kocha alisema wanawake ni wafunguzi, wanachangamsha. Pia alisema wasinenepe, kwa sababu kwenye mieleka lazima mwenzako aweze kukunyanyua, na akawashonea suruali nyeupe za kubana ambazo hazisamehe kitu. Kwa hiyo bonge moja, upawa mmoja. Mimi niliyejipakulia nilivyotaka nilimpakulia Pili kwa kufuata karatasi iliyoko mlangoni. Hakuna aliyenishikia mkono.

Katika mwaka wake wa pili, Pili aliingia jikoni nikiwa nachambua dagaa, akafunga mlango. Akaniambia kwamba mwezi wa tatu huo hajaona siku zake. Nilishtuka, dagaa wakamwagika, nikamuuliza papo hapo ni ya nani. Akaapa kwamba hakuna mtu. Tukanunua kipimo duka la dawa, akapima mara mbili, na kweli haikuwa mimba. Tulikaa wote wawili juu ya magunia ya mkaa tunatazamana. Nikaona ana hofu, na mimi sipendi kumwona mtoto wa watu ana hofu. Basi nikamwambia, kwa ujasiri wa mtu asiyejua kitu, "Mwili wako umekomaa. Umekuwa mwili wa mpiganaji, hauna tena mambo ya kike kike."

Hakuna aliyenifundisha maneno hayo. Niliyatunga pale pale, na yalipotoka yakanipendeza.

Uso wake uliwaka. Nikataka kuipa heshima siku ile, nikachukua yai moja kati ya yale ya watu wa juu ya orodha, nikamchemshia. Alilila amesimama, polepole. Alipomaliza alichukua maganda na kukwangua kwa kucha ule utando mweupe uliobakia, akala na huo. Niliona kwa macho yangu, na mimi ni mpishi. Mtu aliyeshiba hakwangui ganda la yai. Sikuona nilichokiona.

Pili akawasimulia wenzake, na ikawa desturi. Msichana siku zake zikikatika kwa miezi mitatu, anakuja jikoni, anafunga mlango, ananinong'oneza, nami namchemshia yai. Tukaliita yai la kukomaa. Mimi na wenzake tunampigia makofi. Wale ambao bado walikuwa wanaziona walijiona wako nyuma, na nadhani mmoja au wawili walipunguza hata lile bonge moja ili wawahi. Suruali zilikuwa nyeupe; kila mmoja aliona ni nafuu.

Niwaambie kitu kuhusu ukoo wangu. Bibi yangu kule Newala alikuwa kungwi, mwalimu wa wali, wanaochezwa unyago. Msichana akivunja ungo, bibi ndiye aliyemweka ndani, akamfunda, na siku ya kumtoa akina mama walicheza mpaka vumbi likafunika nyumba. Kwetu mwanamke anapongezwa damu inapokuja. Mjukuu wake nilikuwa Temeke, napongeza inapokatika, na sikuliona hilo kuwa kioja.

Baadaye kidogo Pili aliondoka kwenda Masasi kumuuguza mama yake. Alisema miezi mitatu. Hakurudi. Tulisikia amevuka kuhamia Kigamboni na ana duka. Kocha akasema ndiyo wanawake hao, wanakuja wanakwenda, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Iliniuma, kwa sababu hatujawahi kuwa na mtu kama yeye, mwanamume wala mwanamke. Nikapakua tukaendelea.

Mahali pake alipanda Salome. Huyu ni mtoto wa watu wa Njombe, Mkristo, mpole, anayesali kabla ya kula hata kama ni ndizi moja. Alipokea yai lake mapema. Kwa karibu miaka miwili alikuwa ndiye anayejaza uwanja. Alipigana, alinyanyuliwa, alinyanyua, kwa bonge moja na upawa mmoja. Nikimwona amejikunja kwa baridi saa saba mchana wa mwezi wa pili, na Dar yote inachemka, nilimpa sweta langu. Alikuwa anang'oka nywele kidogo mbele. Nilimshauri asisuke kwa kukaza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mazoezi yalikuwa yameisha. Salome alishuka kutoka ulingoni, ngazi moja tu, ile ya kasha la soda mnayoiona mpaka leo. Hakurukiwa, hakubwagwa, hakuteleza. Alikanyaga chini na mguu ukalia. Nilikuwa jikoni na nikausikia, sauti ya kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa kwenye goti. Alikaa chini akautazama mguu wake kwa mshangao, hata kulia hakulia kwanza. Vijana waliobwagana asubuhi nzima walibaki wamesimama, mikono kichwani.

Nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alikuwa binti wa umri wa Rukia wangu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaiinua picha ya mfupa kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza ameanguka kutoka wapi. Salome akasema ngazini. Ngazi ngapi? Moja. Daktari akaiweka picha mezani, akavuta kiti, akaanza kuuliza mambo ambayo mimi niliona hayahusu mguu. Jana ulikula nini. Juzi ulikula nini. Mazoezi saa ngapi kwa siku. Kisha akauliza siku zako umeziona lini mara ya mwisho.

Salome alitabasamu. Na maumivu yote yale, alitabasamu, akakaa sawa kwenye kitanda.

"Mie nimeshakomaa, dokta. Mwaka wa pili huu." Halafu akanigeukia ili nimthibitishie.

Daktari alimuuliza nani amemwambia hivyo. Salome aliona uso wa daktari umebadilika na akataka kunificha, mtoto wa watu, mguu umevunjika na ananificha mimi.

"Mimi," nikasema.

"Na wewe, mama, ni nani wake?"

"Ndiye ninayempikia."

Nililisema kwa fahari, kwa mazoea. Lilipotoka tu nikalisikia lilivyo.

Daktari hakunikaripia. Angenikaripia ningejitetea. Aliniuliza, nyumbani unga ukipungua tunaacha nini kwanza. Nikasema tunaacha kualika wageni. Akasema basi mwili wa Salome uliona chakula hakitoshi kwa kazi unayofanyishwa, ukaacha kualika wageni. Hiyo ndiyo maana ya siku kukatika. Njaa ilipoendelea ukaanza kung'oa boriti za paa ili upate kuni, na boriti ndiyo mifupa. Akasema si ukomavu, ni njaa. Akasema wasichana wanamichezo wengi inawapata na wengi wanadhani ni jambo la kawaida. Kisha akauliza kama kuna wengine.

Nilihesabu mayai. Yalikuwa manne. Nilikaa kwenye benchi la korido la hospitali nikiona kucha ya Pili inakwangua ganda. Nilitaka kupiga yowe, mimi ninayepiga yowe kwa paka, na sauti haikutoka.

Siku iliyofuata niliwaita wale wasichana wawili waliobaki, ambao mtawakuta, nikawaambia mbele ya Salome mwenye plasta kwamba nilisema uongo bila kujua na kwamba mayai yale yalikuwa ya njaa. Mmoja alikasirika. Alisema, "Mama, wewe si ndiye uliyetupigia makofi?" Nikasema ndiyo, ndiye mimi.

Halafu nikaibandua orodha mlangoni, nikawashia jiko. Kocha alikuja akiifuata harufu ya karatasi. Tulizozana, na yeye ni mtu ninayemheshimu. Amenifundisha karibu yote ninayoyajua. Nilimweleza aliyosema daktari, neno kwa neno. Alisikitika kwa Salome, machozi yalimlengalenga kabisa, lakini bado akasema kazi ni kazi.

"Wakinenepa, Mama Rukia, nani atawanyanyua?"

"Wanaume wakinenepa nani anawanyanyua?"

"Wananyanyuana. Wana nguvu."

"Wamezipata wapi?" nikamuuliza, na nikamwekea upawa mkononi. Nikamwambia kama atapakua kwa orodha, apakue mwenyewe, amtazame Salome usoni akimpa bonge moja.

Mstari ulikuwa umeshaanza, watu wana sahani mkononi. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Salome, juu ya magongo, kwa sababu vijana walimpisha. Kocha alimwekea mabonge mawili. Akatazama sahani, akaongeza nyama. Akanirudishia upawa akaenda zake nje, na tangu siku hiyo hapajawahi kubandikwa karatasi kwenye mlango ule. Gundi bado ipo, msihangaike kuikwangua.

Utaratibu niliouacha ndio huu. Anayefanya kazi zaidi anakula zaidi, awe nani. Msichana asipakuliwe bila kuulizwa ametosheka. Nyama, maini, dagaa, mtindi na yai ni vya kila mtu. Na swali la siku zao waulizeni kila mwezi, mlango umefungwa, bila aibu. Zikikosekana miezi mitatu siyo jikoni anakopelekwa, ni kwa daktari. Suruali sasa ni nyeusi. Hiyo nilimwambia Kocha kwa sentensi moja na hakuuliza sababu.

Wale wawili, siku zao zilirudi baada ya miezi kadhaa. Salome alichelewa, karibu mwaka, na mfupa wake ulitutesa. Alirudi ulingoni akiwa mzito zaidi, na mwenzake alimnyanyua vizuri tu kwa sababu naye alikuwa anakula. Jumapili moja alasiri walifunga wao pambano, wasichana wawili, na hakuna aliyeondoka kabla. Nilipokuwa nafunga vyombo Salome alinijia nyuma ya jukwaa, mikono tumboni, akaninong'oneza kama nina pedi. Niliangusha bakuli la mchuzi. Tulicheka na kulia, na mchuzi ulitufika miguuni.

Hapo ndipo nilipodhani hadithi yangu ingeishia. Ningestaafu vizuri. Lakini mayai yalikuwa manne, na la kwanza lilikuwa la Pili. Kila nikipanga kwenda Kigamboni palitokea kitu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilijipa moyo kwamba ameolewa, amesahau. Mwezi uliopita, nikiwa sina tena kisingizio cha jiko, nilivuka.

Duka lake ni la mitungi ya gesi na maji ya kunywa. Nilimkuta anashusha mitungi kutoka kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, mmoja kila mkono, hatui njiani. Aliponiona aliitua, akanijia, akaninyanyua mzima mzima na baibui langu mbele ya wateja. Nilipiga yowe mpaka jirani akatoka. Kabla hata sijakaa nilijua bado hatujapata mtu kama yeye.

Alinipa soda. Nikamwambia yote: Salome, ngazi moja, daktari, wageni na boriti. Nikamwambia yai lile lilikuwa la njaa na nimekuja kuomba radhi. Nilitegemea atasema yameisha hayo, mama. Hakusema. Aliniuliza pole pole, "Kwa hiyo ikirudi siyo kwamba umelegea?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Kule Masasi alikaa kwa mama yake miezi minne, anakula muhogo, samaki, karanga, hana mazoezi. Mwezi wa tatu siku zake zilirudi. Alijifungia chooni akalia. Aliona mwili wake wa mpiganaji umeharibika, amerudi kuwa kama watu wote, na hakumwambia mtu.

"Ningerudi vipi klabu, mama?" akasema. "Na yai lako nilikuwa nimeshalila."

Nimeshtuka mara nyingi maishani. Nimeshtuka kwa vishindo, kwa sahani, kwa mguu wa Salome. Hii haikuwa na kelele yoyote. Nilimtazama mwanamke yule, mabega yale, na nikaelewa kwamba hakuna mume aliyemzuia, wala mama mgonjwa, wala uchovu. Ni mimi. Alipona, na yai langu likamwambia ameshindwa.

Pili aliinuka akaenda ndani. Nilisikia anaosha vyombo kwa fujo, vyombo ambavyo nadhani vilikuwa safi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Miaka sita, mama."

Nikasema ndiyo. Alikaa. Mteja alikuja, akamhudumia, akaondoka. Soda yangu ikapoteza gesi. Hakuniambia amenisamehe, na mpaka leo hajaniambia. Ila nilipoinuka kuaga aliniuliza, bila kunitazama, siku hizi tunapakuaje.

"Mpaka mtu aseme basi," nikamjibu.

Juzi alinipigia simu. Ameongea na Kocha, ana mtu wa kumshikia duka asubuhi. Jumatatu anaanza mazoezi, na hajafika thelathini na tano. Ana miaka mizuri bado. Mimi sitakuwepo jikoni, na nadhani ni bora hivyo kwa wiki za mwanzo.

Zuhura, Getruda, mtamjua mlangoni, ni mrefu na hatembei mikono mitupu. Msimpongeze kwa kitu chochote. Mpakulieni. Akisema basi, msimwamini mara ya kwanza, muulizeni tena.